Somo la Jumatano Baada ya Mazishi

Kemilembe mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za chandarua, maji ya kuchemsha na lile jaketi la kuokolea ambalo utalivaa hata kama wenzako kwenye boti watakucheka. Hapo sina la kuongeza. Ninakuandikia kwa sababu ya makaratasi niliyoyaona leo mchana kwenye begi lako, na kwa sababu baada ya kuyaona na kukusikia nilitoka nje kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyeniita. Nilikwenda kibanjani nikaanza kukata majani makavu ya migomba, kazi ambayo kila mtu hapa Kashozi anajua siifanyi, hadi mama yako akapaza sauti kutoka jikoni: "Leo karani analima? Basi mvua itanyesha."

Nilitaka tu kukusaidia kufunga begi. Faili likafunguka, nikaona maandalio ya somo, muhula mzima, yamepigwa chapa vizuri. Nikafurahi. Nikasema moyoni, mtoto amejiandaa. Kisha nikasoma ukurasa mmoja. Wiki ya tatu, Jumatano, darasa la nne, Hisabati. Waliosajiliwa arobaini na tano, waliohudhuria arobaini na tano. Chini kabisa, kwenye tathmini: "Wanafunzi wote wamelielewa somo."

Wiki ya tatu, Kemi, na wewe hata boti ya kukupeleka kisiwani kwenye shule yako hujapanda.

Nilikuuliza umeyapata wapi, ukanijibu bila wasiwasi: "Stationery pale mjini, baba. Wanayo ya madarasa yote. Unabadilisha jina la shule tu."

"Na tathmini?"

"Imejazwa tayari. Ndiyo uzuri wake."

Nadhani uso wangu ulibadilika, maana ulicheka. "Baba, usinitazame kama nimeficha nyoka humo. Mkaguzi anataka faili, watoto wanataka mwalimu. Faili nitampa mkaguzi, mwalimu nitawapa watoto."

Ni maneno mazuri. Ningekuwa mtu mwingine ningecheka na wewe. Lakini mimi niliwahi kuandika ile sentensi ya tathmini, kwa mikono hii, kwenye faili la mtu, na tarehe yake ikafika amekwisha kuzikwa. Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yako. Sasa ni saa kumi na moja jioni, bado moyo haujatulia, na naona kama nisipokueleza kabla hujaondoka, nitakuwa nimekupakia kosa langu begini pamoja na nguo.

Ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa tunaishi upande wa Kagoma, kwenye kile chumba chenye mlango wa kijani. Mimi nilikuwa karani katika shule ndogo ya msingi ya binafsi ambayo leo haipo tena. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye cheti cha kidato cha sita, mke, mtoto, na hofu. Unanifahamu. Mtu akiniita "njoo mara moja," mimi tayari najiuliza nimekosa nini. Wakati ule ilikuwa mbaya zaidi. Kitu kilichoniogopesha kuliko vyote ni fomu yenye sehemu tupu. Nilikuwa nikiona nafasi haijajazwa, naona kazi yangu inaondoka kupitia hapo.

Mwalimu mkuu alikuwa ameamuru kila mwalimu alete maandalio yake ya muhula mzima yaliyoandikwa kwa mkono, mimi niyapige chapa, mafaili yawe yamekamilika wiki ya kwanza. "Mkaguzi haji na hodi," alikuwa akisema. Walimu wengine waliniletea kila kitu, hadi tathmini ya wiki ya mwisho. Mmoja tu aliniletea tathmini tupu. Huyo alikuwa Mwalimu Adeodatus, wa Hisabati darasa la nne, mtu mrefu wa Ijumbi aliyekuwa akija kwa baiskeli suruali ameibana kwa kibanio cha nguo.

"Mwalimu, hapa hujajaza," nikamwambia.

"Paache hapo, karani. Sijafundisha bado. Nitajuaje kama wameelewa?"

"Lakini mwalimu mkuu anataka faili lijae."

"Basi mwambie aje anifundishie, halafu ajaze mwenyewe." Akacheka, akanipiga bega, akaenda darasani.

Sikuthubutu kumwambia mwalimu mkuu maneno hayo. Siku hiyo hiyo nilikaa nikajaza mimi. Wala sikujaza ovyo. Mimi ni karani makini. Nilijua wanafunzi wake ni arobaini na tisa, kwa hiyo siku moja niliandika arobaini na saba wamelielewa somo, siku nyingine arobaini na sita, siku nyingine wote, ili ionekane kweli. Mara moja moja niliandika "somo litarudiwa." Nakumbuka nilijisifu kwa hilo. Nilijaza hadi Ijumaa ya mwisho wa muhula, nikafunga faili, nikalala vizuri.

Katikati ya muhula Mwalimu Adeodatus aliugua siku ya Alhamisi. Jumatatu yake hakuwepo tena. Hatukuamini. Baiskeli yake ilikuwa bado imeegemea ukuta wa ofisi, kwa sababu siku ile alipelekwa hospitali kwa gari. Jumamosi tulimzika Ijumbi, nyuma ya nyumba, kibanjani kwake kama ilivyo kawaida yetu. Mimi ndiye niliyeandika wasifu wa marehemu. Niliandika kwamba alikuwa mwaminifu kazini, na watu wakaitikia kwa vichwa.

Faili lake sikulikumbuka. Naapa, mwanangu, halikunijia akilini hata mara moja.

Wiki mbili baadaye mkaguzi alikuja. Mwanamke mpole, miwani imening'inia kifuani, sauti ya chini. Alikaa ofisini kwangu kwa sababu kulikuwa na meza pana, akafungua mafaili moja baada ya jingine. Alipofika kwenye la darasa la nne alisoma, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Mwalimu mkuu," akasema, "huyu mwalimu wenu mlimzika lini?"

"Jumamosi, mama. Wiki mbili zilizopita."

"Na Jumatano iliyofuata alifundisha sehemu. Wanafunzi arobaini na saba kati ya arobaini na tisa wamelielewa somo." Akavaa miwani vizuri. "Na Alhamisi amesema somo litarudiwa."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu alinigeukia taratibu. Aliniuliza nani amejaza, na kabla sijafikiri nilisikia mdomo wangu unasema: "Aliniletea mwenyewe hivyo hivyo. Mimi napiga chapa tu."

Ni sentensi mbili tu, mwanangu. Sikutoka hata jasho. Maiti haibishi.

Ripoti iliandikwa kwamba marehemu alikuwa akighushi tathmini. Ikawa imekwisha kwa upande wa ofisi, lakini shule ndogo haina siri. Walimu walianza kwa utani, kisha watoto wakaudaka. Niliwasikia kwa masikio yangu uwanjani, mmoja anawaambia wenzake, "Kaeni kimya, Mwalimu Adeodatus anakuja Jumatano." Wakakimbia wakipiga kelele za kuogopa na kucheka. Binti yake alikuwa darasa la pili pale pale. Alikuwa amesimama karibu na bomba la maji, ameshika kikombe, hakunywa.

Mama wa binti huyo, Mama Editha, alikuja ofisini baada ya siku chache kuchukua vitu vya marehemu. Nilisimama. Alinisalimia kwa heshima kubwa kuliko nilivyostahili, akaniita "karani, waitu," kama mtu wa kwao, akakaa.

"Wanasema mume wangu alikuwa mwongo," akasema. "Mtoto amekataa kuja shule. Nimekuja kuchukua vitu vyake niondoke navyo."

Nilimletea boksi. Ndani kulikuwa na kikombe, kofia, rula ya mbao na daftari la kawaida la mistari, lile la kurasa mia. Alilifungua, akanipa. "Macho yangu hayasomi maandishi madogo. Ni nini hiki?"

Nikamsomea. Nitakuandikia ninavyokumbuka, na ninakumbuka vizuri mno, kwa sababu sijawahi kusoma kitu kilichonishtua kama kile.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa hivi: "Sehemu. Mwisho wa kipindi kila mtoto anionyeshe nusu na robo kwa mikono yake. Sio kutaja, kuonyesha. Nilete ndizi mbivu sita, kisu nishike mimi. Swali la kwanza: mama amekupa ndizi moja, mko wawili, mtafanyaje? Nisitamke neno sehemu mpaka wao waseme vipande. Mvua ikinyesha bati litapiga kelele, hawatanisikia, basi wachore."

Chini yake, kwa wino mwingine, ameandika baada ya kipindi: "Nusu sawa. Robo imewashinda kumi na wawili. Wanadhani robo ni kubwa kuliko nusu kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili. Kosa langu, nimeandika tarakimu ubaoni mapema. Kesho nianze na kukunja karatasi, tarakimu baadaye. Hao kumi na wawili wakae karibu na Jovitha, yeye ameelewa na anaeleza kwa Kihaya vizuri kuliko mimi."

Kila ukurasa ulikuwa hivyo. Juu kile alichokusudia, chini kilichotokea. Sehemu nyingine ya chini ilikuwa ndefu kuliko ya juu. Mahali pamoja aliandika tu: "Leo nimefundisha vibaya. Nilikuwa na haraka." Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Jumatano, siku moja kabla hajaugua, na sehemu ya Alhamisi ilikuwa na lengo tu, na maneno "niulize kwanza kama wamekumbuka."

Mama Editha alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kumbe alifundisha."

"Alifundisha, mama."

"Basi yale ya kwenye faili aliandika nani?"

Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu, Kemi. Tulikuwa wawili tu chumbani. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kama mtu anavyouliza njia. Nikamwambia, "Sijui."

Akachukua daftari, akaliweka kwenye boksi, akanishukuru kwa kumsomea. Alinishukuru. Aliichukua na baiskeli, akaikokota hadi barabarani. Shule ilifungwa mwaka uliofuata kwa sababu nyingine, sisi tukahamia Kashozi, wewe ukakua ukijua baba yako ni mtu anayeogopa kuchelewa.

Sasa turudi kwenye maneno yako, kwamba faili ni la mkaguzi na mwalimu ni wa watoto. Nimeyafikiria mchana wote kule kwenye migomba. Kwa Mwalimu Adeodatus vilikuwa kitu kimoja. Lile daftari ndilo lilikuwa andalio, na ndilo lilimfanya awe mwalimu kesho yake. Bila kuandika kwamba kumi na wawili wamekwama, na wamekwama wapi, kesho angeingia darasani na somo jipya juu ya shimo. Mimi sijawahi kusimama mbele ya darasa, kwa hiyo sikufundishi kazi yako. Chuoni wamekufundisha umahiri mkuu na mahususi na hatua za somo kuliko ninavyozijua. Ninachokijua ni karatasi. Nimepiga chapa maandalio ya walimu wengi, na naweza kukuambia lipi liliandikwa na mtu aliyekuwa akiwaona watoto usoni. Lina jambo moja tu ambalo mtoto ataliweza mwisho wa kipindi, halina matano. Lina swali lililoandikwa kwa maneno yatakayotamkwa kweli. Lina vitu vinavyopatikana hapo hapo shuleni. Lina "wakishindwa, nifanye hivi." Tena halijui mwisho wake.

Haya ya begini kwako yanajua kila kitu. Nimesoma kurasa zako kumi na mbili. Somo la nusu na robo limo. Linasema: "Mwalimu awaongoze wanafunzi kukata chungwa." Chungwa, huko kisiwani? Mwalimu mkuu wako mpya alipopiga simu juzi tulimsikiliza wote, umesahau? Alisema wiki za giza, mwezi usipoonekana, boti zote zinakwenda kuvua dagaa kwa taa, na asubuhi watoto wako mwaloni, pale boti zinapoegesha, wanaanika na kugeuza dagaa, wanafika darasani saa nne wakinuka samaki na wengine hawafiki kabisa. Mwezi ukiwa mkubwa boti zinalala, darasa linajaa hadi dirishani. Halafu familia zinahama, wavuvi wakifuata samaki kisiwa kingine, na unaletewa watoto wapya ambao walikuwa wanasoma kitu kingine kwa mwalimu mwingine. Alisema akicheka, "Mwalimu, huku kalenda yetu iko juu angani." Nami nilidhani unaandika jambo hilo mahali.

Hao arobaini na tano watatoka wapi Jumatano ya wiki ya tatu? Nimeangalia kalenda ukutani. Itakuwa giza. Labda utakuwa na kumi na wanane. Ukifundisha robo siku hiyo kwa watoto kumi na wanane, faili litasema wote arobaini na tano wameelewa, na mwezi ukirudi hao ishirini na saba watakaa mbele yako, na karatasi yako itakuwa imekwisha kukuambia kwamba wanajua. Nawe utaiamini karatasi, mwanangu. Hilo ndilo linalonitisha. Mimi niliiandika mwenyewe kwa uongo, na baada ya wiki chache nilikuwa nimeiamini.

Labda ungefundisha vitu vigumu mwezi ukiwa mkubwa, na wiki za giza ukarudia, au ukawapa hao wachache yale yaliyowashinda. Labda dagaa wenyewe wanaweza kugawanywa. Mtoto anayejua kujaza ndoo nusu na robo kila asubuhi anajua sehemu kuliko karatasi. Sijui. Utajua wewe ukiwaona. Usinitumie jibu la swali hili, maana sitaweza kulipima.

Utaniambia muda hautoshi, kwamba mwalimu mmoja ana vipindi vingi na hakuna anayeweza kuandika kurasa kila siku. Ni kweli, hata yeye hakuandika kurasa. Mengine yalikuwa mistari mitatu, mwandiko mbaya, doa la chai. Na huenda mkaguzi akataka faili lake hata hivyo, na mwalimu mkuu wako akakubana kama wangu alivyonibana. Hapo sina ushujaa wa kukuazima. Nakuambia tu kwamba yule mkaguzi mpole, nikikumbuka sasa, hakuwahi kuuliza kwa nini daftari la mahudhurio la darasa lile lina nafasi tupu tangu mazishi. Nafasi tupu nilizoziogopa hazikumshtua hata kidogo. Kilichomshtua ni zile nilizozijaza.

Sijayatoa makaratasi begini. Niliyashika mara mbili nikayarudisha. Una miaka ishirini, una cheti chako, begi ni lako. Ukiyabeba, sitakuuliza. Ukiyaacha, yaache juu ya meza, nitajua.

Kuna jambo la mwisho, nalo linanihusu mimi. Kesho mimi na wewe tutashuka hadi Muleba, na nitakusindikiza mpaka mwaloni. Nilikuwa nimemwambia mama yako nitarudi na gari la saa nane. Sitarudi nalo. Baada ya kukuandikia haya nimeona siwezi kupita njia panda ya Ijumbi mara nyingine nikiwa nimegeuzia uso upande wa pili, kama nilivyofanya miaka yote kumi na minne. Nimeulizia kwa simu leo jioni, kabla sijamaliza kukuandikia, kwa mtu wa huko niliyesoma naye. Mama Editha yupo hai. Anaishi pale pale. Binti yake amekuwa mkubwa, ana watoto wake.

Sijui kama atanikumbuka. Nitamwambia nani aliandika. Nitamwambia pia kwamba aliponiuliza nilijua. Kama atataka niseme mbele ya binti yake, nitasema, na kama watanifukuza nitaondoka bila kujitetea. Nimejaribu kuandika nitakavyoanza, nikapasua karatasi tatu. Zote zilianza na habari za hofu yangu, na hakuniuliza habari hizo.

Wewe utakuwa majini wakati huo. Usiogope kwa ajili yangu, na usipige simu kuuliza imekuwaje. Nitakuambia mwenyewe, hata kama ni aibu. Nataka unisikie mara moja nikisema kilichotokea, baada ya kutokea.

Baba yako